Kopa Tatu za Ami Bakari

Alhamisi

Na bado wanadhani mwenye sauti kubwa ndiye mwenye karata nzuri.

Mchana sinyora, bibi wa Kitaliano ninayemshonea nguo, alikosa mchezaji wa nne wa karata za briji, akaniketisha mimi. Mwenzangu wa upande mmoja, karani wa forodha, akafungua mnada kwa kuahidi "kopa tatu". Sinyora alikwisha kunifundisha: anayerukia tatu mwanzoni ana kopa nyingi lakini karata dhaifu, anataka tu kuwazibia wengine njia. Mimi sikuwa na kitu, nikasema "pasi", yaani napita. Aliposhindwa kutimiza alichoahidi, akaninunia mimi. Mjinga.

Nyumbani nikamkuta Ami Bakari wa kisiwa cha Koyama, amekuja kuniposa kwa ajili ya mpwa wake. Kahawa haijamiminwa, keshataja mashua mbili na nyumba ya mawe. Baba, aliyeniahidi nitakwenda kufundisha kisiwani Kudhaa, akanyamaza kabisa.

Nikasema nyuma ya pazia, "Ami, mashua hizo ni zake mwenyewe?"

Akakohoa. "Ni za ukoo, mwanangu."

"Na nyumba?"

"Itajengwa."

Baba akamimina kahawa. "Basi tusiharakishe, Bakari."

Karata zake bure kabisa.  Ila naogopa atarudi na kopa nne, ahadi kubwa zaidi kwa karata zilezile, na baba atanyamaza tena.