Gitaa la Mashoto

Nzuguni, Jumamosi usiku

Basi nimelinunua, na hata kulishika sijui.

Asubuhi nilikwenda mjini kujichagulia gitaa la umeme la roki nzito, yaani metali. Kaka Yohana alishanifundisha: kwa metali, tafuta shingo nyembamba na vinasa sauti viwili vinene chini ya nyuzi, mngurumo usitoe miluzi. Muuzaji aliniuliza kama nataka la kwaya. Hapa Dodoma kila anayenunua gitaa ni wa kwaya! Nikamwambia la metali. Akacheka.

Halafu nikaliona. Jeusi, la mtu wa mashoto. Miaka yote kaka alilitafuta hilo, huku akipiga la kanisani kwa kulipindua, na wazee wakimtania. Tulimzika mwezi uliopita. Sasa ndiyo limekuja! Lilikuwa wapi?

"Wewe ni mashoto?" muuzaji aliuliza.

Nikajibu ndiyo, ingawa mimi natumia kulia.

Mama hatofautishi gitaa na gitaa. Lakini nilipoingia nalo alilitazama, akalipokea kwa mikono miwili.

"Hili lake," akasema.

Akalilaza kwenye kitanda cha kaka, akalifunika shuka.