Kumi na Mmoja Tuliowaacha Wamelala

Prof,

Umenikosea, na nataka ulijue hilo kabla sijakusalimia. Ulijua njia ya Fataki imefungwa. Nilikuambia mara mbili, mara ya kwanza mezani, mara ya pili mlangoni mwa atelie yangu, ukiwa umekwisha kufunga kamba za viatu. Ulinijibu: "Kambale, mama iko mumoja, siwezi kumupigia hesabu." Ukaenda. Na siku ile ile mama yako alikuwa amekwisha kutoka Fataki, kwa njia ya juu, pamoja na wale wenye magodoro kichwani. Mlipishana. Ulienda kumtafuta mtu ambaye alikuwa njiani anakuja kwetu.

Alifika Bunia siku nane baadaye, miguu imevimba, akauliza watu atelie ya Kambale wa Butembo, fundi wa mbao, iko wapi. Aliponiona hakunisalimia. Alitazama nyuma yangu kuona kama upo.

Kisha habari ikafika kutoka kwa mtu aliyebaki kule: ulipigwa risasi karibu na ua wa shule, na watu wakakufunika udongo nyuma ya darasa la mwisho, haraka, bila sala. Tangu siku ile mama yako alitoka kambi ya wakimbizi kila asubuhi, akaketi kwenye benchi yangu hadi saa kumi. Miezi saba. Hakulia. Aliniambia neno moja tu: "Mutoto yangu hawezi kulala nyuma ya darasa, kama mwanafunzi wa azabu."

Weye unanijua. Nilifika mji huu na msumeno mmoja na randa ya kuazima, na kila ubao uliouona mule ndani niliutafuta mwenyewe. Sikuzoea kuomba. Lakini hakuna ubao mrefu wa kutosha kufika Fataki.

Basi akaja Kapiteni. Ni mmoja wa wale askari wageni wa kulinda amani, wa kofia za buluu, mrefu, anatoka mbali huko Amerika ya Kusini, anasema Kifaransa kama mtu anayetafuna njugu. Alikuja kuagiza etajeri, rafu za karatasi za ofisi yao. Nikiwa napima, yeye akaona kwenye kona meza yetu, ile ya vilima vya vumbi la mbao, na juu yake askari wetu wadogo wa vyuma. Akachuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na meza, kama ulivyokuwa unafanya weye, na akauliza nani amewatengeneza.

Nilimwambia: mwalimu wa historia, rafiki yangu. Tuliwayeyushia vyuma vya kuzamishia nyavu kutoka Kasenyi, nikachonga kalibu, yeye akapaka rangi. Sitini, kila mmoja urefu wa kidole. Thelathini ni watu wa Kongo walioenda vitani Tabora wakati wa babu zetu, thelathini ni askari wa Wadachi waliowangojea kule. Kapiteni akacheka peke yake kwa furaha. Kumbe kwao watu wazima wanacheza hivyo, wanasafiri hata nchi kwa nchi kushindana. Akasema kati ya wageni waliomo Bunia anajua wanane wa mchezo huo, kutoka nchi tano, na hakuna mwenye meza. Je, nitakubali kuwapokea, mashindano ya kirafiki, siku moja?

Nilimjibu kwamba nitakubali kwa kitu kimoja. Magari mawili, nusu siku, kwenda Fataki na kurudi, kumleta mwenye askari hawa. Akasema atamwomba kolonel wake, na kwamba kolonel mwenyewe ni mmoja wa wale wanane. Jibu nitalipata siku ya mchezo.

Hapo ndipo ilinibidi kufungua ile katoni ya sabuni.

Prof, unakumbuka mchezo wetu wa mwisho. Utaratibu uliuweka weye, si mimi. Chini ya mguu wa kila askari uliandika jina la mtu wa kartie, mtaa wetu wa Lumumba, mtu mzima, anayepumua, ili mchezaji asimtupe ovyo. Anayeanguka analazwa katoni kwa ubavu wa kuume, uso mlangoni. Mchezo ukiisha, mmoja anaita jina, mwingine anajibu "prezan", yaani yupo, na kumsimamisha. Mtu hajiiti mwenyewe, wala hajibu kwa jina lake. Nilikucheka kwa hayo, lakini nilijibu kila Jumamosi. Ila Jumamosi ile risasi zililia upande wa Mudzipela, tukakimbia. Uliniambia, "Acha, tutawaamsha kesho." Kesho yake ulikuwa unafunga kamba za viatu.

Nilifungua katoni saa sita mchana, mlango wazi, jua limeingia hadi kwenye meza. Walikuwa kumi na mmoja, ubavu wa kuume, nyuso mlangoni. Vumbi juu ya kifuniko lilikuwa nene. Juu yao hakukuwa na hata chembe. Nilijiambia ni kazi ya kifuniko. Nikageuza mguu wa kwanza: mama aliyekuwa anauza mikate karibu na pompa ya maji. Aliuawa wiki mbili baada yako. Wa pili, fundi cherehani, yule kiwete. Amekufa. Wa tatu, amekufa. Nikaketi chini nikachukua penseli ya mbao, kwa sababu mimi nikiogopa ninahesabu. Katika kumi na mmoja, saba wamekufa, na weye ukiwemo. Watatu waliteremka Kasenyi kutafuta mtumbwi wa kwenda Uganda, na hakuna anayejua habari zao. Kisha nikageuza wale arobaini na tisa waliobaki wamesimama mezani. Waliokufa ni watatu. Watatu kwa arobaini na tisa ni sita kwa mia. Saba kwa kumi na mmoja ni sitini na nne kwa mia. Nilirudia hesabu mara tatu, nikitafuta kosa langu.

Unauliza wa kumi na mmoja. Wa kumi na mmoja ni mimi.

Niliwaita peke yangu, nikajijibia peke yangu, nikawasimamisha wote kumi na mmoja kwa mstari, nikaenda kula. Niliporudi walikuwa wamelala. Ubavu wa kuume. Lori lilikuwa limepita, ni kweli, na lori likipita meza inatikisika. Lakini wale arobaini na tisa lori halikuwagusa.

Nilimwambia mama yako. Aliinua mmoja, akampima mkononi kama anayenunua nyanya, akasema, "Ni vyuma tu, mutoto yangu. Mungu hahesabu na vyuma." Akamrudisha. Lakini nilimwona amemrudisha kwa mikono miwili.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumamosi. Mke wangu alipika samaki ya Kasenyi na sombe, majani ya muhogo. Wageni walikuja saa mbili kamili asubuhi, bila kofia zile za buluu, wengine wamevaa mashati ya maua, utafikiri ni watu wa arusi. Meza moja, wachezaji wanane, michezo saba ya dakika hamsini. Nilikuwa nimepanga hata dakika za kunywa chai, maana magari yao yalipaswa kuwa kwenye kambi yao ya askari saa tisa. Kapiteni alijaribu kusimamisha wale kumi na mmoja, wakaanguka. Akawasawazisha ukingo wa mguu kwa kisu, wakaanguka. Akasema, "Fundi, watu wako hawa wamelewa," na wengine wakacheka. Nikawarudisha katoni. Arobaini na tisa haigawanyiki: ishirini na wanne huku, ishirini na wanne kule, anabaki mmoja. Nilichagua nani abaki. Nilichagua yule uliyemwandika jina la mama yako, ingawa hakuwa mtu wa kartie, nikamweka dirishani.

Wanacheza vizuri, Prof, sitakunyima hilo. Mmoja kutoka Asia alivuka kilima chetu cha kushoto kwa njia ambayo weye ulikataa siku zote, na akashinda. Walipiga dadu kwa kelele, walitaniana kwa lugha ambazo hakuna aliyezielewa zote. Nje kartie ilikuwa kimya. Unajua kimya kile, mchana kweupe, hata jogoo hawiki, kila mtu amefunga mlango na anasikiliza mlango wa jirani. Na mule ndani watu wanane wazima wanaua watu wa vyuma kwa upole, wakiombana radhi. Kila mmoja aliyeanguka mimi niliona jina lake bila kugeuza mguu. Huyu ni baba wa pompa. Huyu ni mtoto wa pasta. Mama yako aliketi karibu na mlango tangu asubuhi, sahani yake magotini, hakuigusa.

Kolonel alishinda mchezo wa saba, saa nane na nusu. Alifurahi, akapangusa walioanguka kwa kiganja, kumi na tisa, akawamwaga katoni juu ya wale kumi na mmoja, akatazama saa yake. Madereva walikuwa wamewasha magari.

Nilikwenda nikasimama mlangoni, mkono mmoja huku, mwingine kule.

Nilijua ninachopoteza. Jibu la Fataki nilikuwa bado sijalipata, na watu kama wale hawazuiwi na fundi. Kapiteni alinifanyia alama ya macho kwamba niache. Nikasema kwa Kifaransa changu cha kupimia mbao kwamba katika nyumba hii mchezo haujaisha. Thelathini wamelala, na hakuna mtu anayetoka kabla hawajasimama. Nikawaeleza utaratibu wako, majina pia. Kolonel akaketi tena.

Nikaita. Wao wakajibu, "prezan", kila mmoja kwa mdomo wa nchi yake, na kusimamisha. Nilipofika kwa wale kumi na mmoja nilisogea karibu na meza. Nikaita mama wa mikate. Yule wa kutoka Asia akajibu, akamsimamisha, akaondoa kidole polepole. Akasimama. Fundi cherehani, akasimama. Nikaita jina lako: Ngabu Faustin.

Hakuna aliyejibu. Wageni walitazamana, kila mmoja alidhani ni zamu ya mwenzake. Na kutoka mlangoni nikasikia sauti ya mama yako, wala si kubwa, sauti ya kumjibu mtu aliyebisha hodi:

"Iko."

Kapiteni alikusimamisha. Ulisimama, Prof. Meza ilikuwa inatikisika kwa ajili ya magari yale nje, na ulisimama.

Akabaki mmoja ambaye mimi siwezi kumwita. Kapiteni alimgeuza, akasoma jina kwa shida, akaliita, akazungusha macho akitafuta wa kujibu. Mimi nilifunga mdomo, utaratibu ni utaratibu. Mama yako akasema, "Huyu pia iko," yule wangu akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu afike Bunia mama akaanza kulia.

Kolonel aliuliza mwanamke huyu ni nani. Hapo ndipo nilijua kwamba Kapiteni hakuwa amemwambia neno lolote. Aliogopa kuharibu siku nzuri. Kwa hilo bado nina kinyongo naye, na etajeri zake zitangoja. Nilimweleza Kolonel mimi mwenyewe, kwa sentensi nne. Akaomba karatasi. Nilimpa kipande cha mbao laini, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akaandika juu yake siku, saa, magari mawili, na sahihi.

Tulienda Alhamisi. Nyumba nyingi njiani hazina mabati tena, na mashamba ya maharagwe yamekomaa bila mtu wa kuyavuna. Sanduku lako nililitengeneza kwa libuyu, mbao zile nilizokuwa naziweka kwa ajili ya kabati la mke wangu. Mita moja na tisini na tano, maana weye ulikuwa na mita moja na themanini na mbili. Nilikutengenezea kitanda, najua. Nyuma ya darasa tulichimba kidogo tu. Mama yako alikutambua kwa mkanda na kwa jino lile la mbele. Hakutaka mtu mwingine akuguse.

Tulipoinua sanduku, tulikuwa watu sita, na wawili wangetosha. Ulikuwa mwepesi, Prof. Kila gari lilipoingia shimoni tulikusikia ukigonga ubao huku na huku. Askari wa kigeni walitazama viatu vyao. Mama yako akasimamisha gari, akavua kikwembe chake cha juu, akakiingiza ndani pembeni yako, akakukazia pande zote kama mtoto anayelala kitanda cha watu wakubwa. Ukanyamaza hadi Bunia.

Mmoja wa wageni aliniuliza njiani, kwa heshima, kama nilikosea kipimo. Sikumjibu. Lakini weye nakujibu: sikukosea. Nilipima urefu uliokuwa nao ulipotoka mlangoni kwangu.

Ijumaa tulikuzika hapa, mchana, kwa sala zote, na mama yako aliimba. Ametoka kambini sasa. Nimemkatia chumba upande wa nyuma, dirisha kubwa, na sahani yake haikai peke yake mezani. Hilo nakuahidi kwa miaka yote itakayombakia. Hasira yangu bado ipo. Nitakuja nayo kwako Jumapili kwa Jumapili, kidogo kidogo, hadi iishe.

Pumzika, ndugu yangu.

Kambale