Nadhiri ya Rosa

Jumatatu, 9 Februari 1976
Nimetoka mji wa Märsta, hapa Uswidi, kusafisha ofisi. Nimemwogesha Lucía, mtoto wa mke wangu, nimemlisha uji. Chupa ya dawa yake ya kifafa bado nusu. Ilipaswa kwisha Ijumaa iliyopita. Hesabu haitoki.

Jumatano, 11 Februari
Lucía kaanguka kabla ya chai. Povu lenye damu. Ulimi umechanika. Nikambana mke wangu Rosa mpaka akakiri: hampi dawa. Alipomtorosha binti yake kutoka Chile aliweka nadhiri: wakifika salama, atamwendea Bikira wa kwao kanisani kwa magoti. Kule harudi, wanajeshi watamuua. Kwa hiyo Bikira anadai, na kifafa ndio deni. Dawa, eti, ni kumkimbia mdai.
Nikaipiga nyundo sanamu ya Bikira aliyonayo. Akanipiga kwa pasi ya nguo. Nyusi imepasuka.
"Huyu si damu yako," akasema.
Nepi nafua mimi. Nikainua ngumi. Nikatoboa mlango wa kabati.

Alhamisi, 12 Februari
Nimeshonwa. Nimesema niliteleza kwenye barafu. Dawa naifungia kwa kufuli, nampa mwenyewe. Namchukia Rosa.

Jumapili, 15 Februari
Nimeamka, hawapo. Nimewakuta njiani, mbele ya stesheni ya treni ya hapa kwetu Hjulsta. Rosa kwa magoti juu ya barafu na kokoto, mtoto mgongoni. Soksi zimechanika, nyuma yake michirizi ya damu. Mzee wa Kiswidi akamshika bega ainuke. Rosa akamng'ata. Mzee akainua fimbo, nikamsukuma kwenye theluji. Aibu sina.
"Unakwenda wapi?"
"Kanisani."
"Kanisa liko mjini, mama. Treni ile pale."
"Kwa treni angekwenda hata shetani."
Hapo Lucía akakakamaa mgongoni, nikampakata. Akarushwarushwa, kichwa kikinigonga kifuani, midomo imekuwa ya bluu. Rosa akapiga mayowe kwa lugha yao. Gari la wagonjwa likaja.

Jumatatu, 16 Februari
Hospitali. Lucía anapumua. Rosa magoti yamefungwa bandeji. Nikamwambia kwetu Waislamu kiapo kikikushinda kina kafara: unalisha maskini kumi, umemaliza.
"Na Bikira atakubali kafara ya Mwislamu?"
"Sijui."
"Maskini kumi hapa Uswidi utawatoa wapi, bwana?"
Akacheka. Halafu akalia sana.

Jumapili, 22 Februari
Rosa kapika maharage, sufuria kubwa. Wamekula wakimbizi wenzake waliofika juzi, na walevi wa stesheni. Wa kumi hakupatikana. Akanipakulia mimi.
Jioni akaniomba ufunguo wa dawa. Akamimina dawa, akachora msalaba juu ya kijiko. Nikamwacha afanye. Lucía akameza.