Gari la bosi linaloruka

Shoga, bado siamini, na wala si mimi niliyeshika usukani. Ni Wiebke, fundi mwenzangu hapa gereji.

Bi Roswitha, mteja wetu mzee, alileta gari lake la michezo, akasema ukikanyaga mafuta linachelewa kuitika. Bosi analo kama hilohilo, mwaka uleule, injini ileile. "Langu linaruka," akamwambia mbele ya wateja. "Lako limezeeka, mama, kama mwenyewe."

Wiebke akalipekua la mama asubuhi nzima, hakuona kasoro. Akaomba la bosi alijaribu, alinganishe.

Kwenye kona ya kuteremkia mji wa Adenau akatoa mguu kwenye mafuta, gari likazidi kukimbia. Ametoa mguu kabisa, shoga, na gari linakwenda! Akakanyaga klachi na breki, akazima injini. Likasimama hatua mbili kutoka kwenye mti.

Springi ya kurudisha pedeli ya mafuta ilikuwa imelegea siku nyingi, leo ikakatika. Ukitoa mguu mafuta yalikuwa hayafungi vizuri, ndiyo maana bosi aliona linaruka.

Akarudi kwa miguu, akamwekea bosi ufunguo mezani. "La mama ni zima. Bovu ni lako."

Bosi alikuwa anamtazama binti yake, ambaye ameshavaa kofia ya mbio, anamsubiri waende uwanja wa mbio na gari hilohilo.