Nilikuwa Nasubiri Kijani

Jumamosi, tarehe 26 Oktoba. Gitting.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kurasa za daftari hili. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Nitaandika kwa mpangilio, labda nitamjua.

Leo nilikwenda kwenye maabara ya shule moja ya sekondari huku wilayani. Sisi watahiniwa wa kujitegemea tulipewa siku moja tu ya mazoezi ya vitendo kabla ya mtihani. Mimi narudia Kemia. Nikifaulu, nitaweza kuomba chuo cha uuguzi. Nikikosa tena nitabaki mhudumu wa zahanati, nikifua mashuka na kutumwa na wauguzi waliozaliwa mimi nikiwa darasa la nne.

Kemia yangu yote nimeisoma kwenye televisheni. Mwaka mzima, kila Jumatano saa kumi jioni, sebuleni kwa jirani yangu Mama Tluway. Nina madaftari matatu, na kila kipindi kina namba yake. Video za kwenye simu zinamaliza bando kabla mwalimu hajamaliza salamu, hivyo televisheni ndiyo iliyokuwa shule yangu.

Sitaisema vibaya kwa yote. Mwalimu wa kipindi alieleza moli, kile kipimo cha idadi ya chembe, kwa trei za mayai: trei ni trei, yawe mayai ya kuku wa kienyeji au wa kisasa, idadi ni ileile, uzito ndio unatofautiana. Nikaelewa kwa robo saa kitu kilichonishinda miaka minne. Shuleni kwetu tulikaa muda mrefu bila mwalimu wa Kemia. Huyu hakukosa hata siku moja. Kama kipindi kilinipita, basi ni umeme au zamu yangu ya kazi.

Lakini hasikii.

Anauliza swali, anangoja kidogo, anasema "vizuri sana," anafuta ubao. Nani amemjibu?

Sasa la leo. Kazi ilikuwa kudondosha asidi kidogo kidogo kwenye chupa yenye besi na kiashiria. Rangi ikibadilika unafunga koki na kusoma kipimo. Wenzangu wakafunga koki zao. Mimi nikaendelea. Maji ya kwenye chupa yalikuwa ya njano, yakawa ya chungwa, yakawa mekundu, na mimi bado nadondosha.

Mwalimu wa maabara, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, akaja kusimama nyuma yangu.

"Dada, unasubiri nini?"

"Kijani iliyokolea."

"Kijani ya wapi?"

Mwanamume wa meza ya pili akasema, "Mwache, mwalimu, dada anachemsha mchicha."

Walicheka wote. Nilimfungulia mwalimu daftari, kipindi cha kumi na tisa: kijani hafifu hubadilika kuwa kijani iliyokolea. Alisoma mara mbili, kisha akaniuliza hiyo televisheni ikoje. Nikamwambia ni ya kichogo, ya zamani, na watu wake wana sura za kijani kidogo. Akasema rangi nyekundu imekufa humo ndani. Ukiondoa nyekundu, njano inaonekana kijani, na chungwa inaonekana kijani iliyokolea.

Mwalimu wa kwenye televisheni hakuitaja rangi hata mara moja. Alisema, "Mnaona wenyewe ilivyobadilika."

Tuliona.

Na mimi je? Mwaka mzima naangalia mtu mwenye uso wa rangi ya jani, na sikujiuliza chochote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mchicha.

Jioni nilipita kwa Mama Tluway. Alipoitikia marahaba nikamweleza taratibu, maana amenikaribisha muda wote huo bila kununa.

"Ina kosa gani?" akasema. "Mbona taarifa ya habari inasoma vizuri?"

Nikanywa chai yake.

Kuna jambo nimelikwepa tangu nianze kuandika. Paskalina. Ni rafiki yangu wa Dirma, naye anarudia Kemia, na hana televisheni kabisa. Kila Jumatano baada ya kipindi nampigia simu na kumsomea daftari langu. Leo hakufika maabara, gari lao liliharibika njiani. Simu yake ni kitochi, hata ningepiga picha ya chupa isingemfikia. Nikampigia.

"Futa kijani," nikamwambia. "Ni njano kwenda chungwa. Ukiona nyekundu umepitiliza."

"Martina, hiyo kijani umenisomea mara tatu. Nimeikariri."

"Najua."

"Na moli je? Mayai nayo ni ya kijani?"

"Moli ni sahihi."

"Nitajuaje?"

Mimi ndiye niliyekuwa televisheni yake, na yeye pia hakuwa na namna ya kuona nilipokosea.

Mwalimu wa maabara amenipa muda wa saa moja Jumatatu nikarudie. Saa moja, mimi peke yangu, na seti moja ya vifaa. Naihitaji yote. Leo nimejaribu mara tatu na zote nimeharibu.

Nimemwambia Paskalina apande gari la kwanza Jumatatu. Ataanza yeye.