Mkanda Namba Nne

Shinyanga,
Alhamisi, 9 Septemba 1999

Kaka Bujiku,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha vumbi kiwe kimepungua. Huku nyumbani tupo. Mama alirudi kutoka hospitali ya Kolandoto Jumatatu. Mguu umeanza kukanyaga na tayari anagombana na kuku wa jirani, kwa hiyo ujue amepona.

Dukani kwa Bwana Suresh nimetimiza miezi mitatu. Ananitania kwamba hata redio mbovu za wateja zinaongea kuliko mimi. Lakini kazi naipenda. Vumilia maelezo yafuatayo, utaona kwa nini nayaandika.

Radi ilipopiga mgodini kwenu mwezi uliopita, mliagiza hapa moduli mbili za mawasiliano. Ni viboksi vya plastiki, kila kimoja kama kiganja changu. Fundi Gregory alinieleza kwamba kompyuta ya mitambo inaongea na mikanda yote ya kubebea mawe kwa waya mmoja, na kila mkanda una moduli yenye namba yake. Kompyuta ikiita nne, mwenye nne tu ndiye anayeitika. Alipanga moja iwe nne na nyingine tano, akabandika vipande vya tepu vyenye namba, akanipa nizifungashe.

Jana jioni alikuwa akifungua moduli iliyoungua, akanionyesha vigurudumu viwili vidogo ubavuni, vinavyozungushwa kwa bisibisi. Nilimwuliza kama namba si ile ya kwenye tepu. Akacheka.

“Tepu ni ya macho yetu, Limi. Mashine inasoma hapa.”

Akaongeza kwamba namba zikifanana, taa nyekundu inawaka na kila mtu anajua. Zikibadilishana hakuna taa inayowaka. Kompyuta inaona kila kitu kiko sawa, ila ukiwasha mkanda huu unakwenda ule.

Kaka, uliniandikia kwamba Jumamosi hii mnafanya usafi wa kwanza tangu matengenezo yale. Mitambo yote inazimwa, na wewe kwa wembamba wako unaingia kwenye mdomo wa mkanda wa nne kukwangua tope. Wenzako wakimaliza wa tano, unawashwa huo kwanza, wewe ukiwa bado ndani ya wa nne. Siku za kazi mikanda yote inakwenda pamoja, nani angegundua?

Siku ile ya kufungasha nilizifuta moduli kwa kitambaa chenye spiriti, nikitaka zing’ae. Tepu zote mbili zikabanduka. Niliona aibu kumwita fundi kwa jambo dogo vile, nikazirudishia kwa kukisia. Sijui kama nilipatia, na bila shaka huko kwenu zilifungwa kwa kufuata tepu hizo. Na jana, aliponieleza yale, alikuwa hatua moja tu kutoka kwangu. Badala ya kusema, nikamwuliza kama nimletee chai. Leo alfajiri yeye na Bwana Suresh wameondoka kwenda Mwanza, hadi Jumapili.

Nimepiga simu mgodini mara tatu kutoka posta. Mara moja mlinzi alipokea. Nikaanza kueleza, akasema vibarua hawaitwi kwenye simu, akakata. Barua ya posta ingechukua wiki, kwa hiyo hii nampa dereva wa basi la kesho asubuhi. Ameniahidi ataifikisha getini.

Usiingie, kaka. Mwambie msimamizi awashe namba tano watu wote wakiwa nje, muangalie ni mkanda gani unaokwenda. Ukienda wa tano, nitachekwa, na nichekwe. Asipokuamini, mpe barua hii aisome mwenyewe. Nimeandika majina yangu yote ili asimtafute mwingine wa kumlaumu.

Mama anakusalimu sana. Amekutengea karanga za kukaanga na anauliza utakuja lini. Sijamwambia ninachokuandikia, nimemwambia tu kwamba nakusalimia.

Mdogo wako,

Limi Klara Maige,
mfungashaji wa stoo