Barua Tatu Nilizojiandikia

Munyaka, Eldoret
Jumatano asubuhi

Baba mpendwa,

Kabla ya salamu, naomba usipande treni. Kama umeshapata barua kutoka kanisa letu la hapa, yenye jina la Mzee Koros chini yake, iweke kando, keti, umwite na Mama, kisha usome hii yangu mpaka mwisho. Mimi ni mzima. Hakuna aliyenishtaki wala kuniita popote. Shida yangu ni mafua tu, na hayo umeshazoea kuyasoma katika kila barua yangu.

Sasa salamu. Mgongo unaendeleaje? Mama bado anakataa kupimwa macho? Na mvua je, imefika Wundanyi, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Huku watu wanavuna mahindi na asubuhi ni baridi hata vidole vinakataa kushika uzi.

Unakumbuka tulivyokubaliana siku uliponinunulia mashine ya kufuma kwa kiinua mgongo chako cha reli. Ulisema nijaribu, na kama kufikia Januari sitakuwa nimepata shule hata moja ya kufumia sweta, nifunge mashine na nirudi nyumbani. Sikukuambia, lakini tangu Septemba nimekuwa nikihesabu wiki. Basi mwezi uliopita nilikwenda shule moja ya sekondari ya wasichana, huko mbele ya Sugoi. Mwalimu mkuu ni mama mkali. Alivuta mkono wa sweta yangu, akaugeuza nje ndani, akatafuta mahali pa kulaumu. Hakupaona. Akasema kamati ya shule itakaa, kisha ataniandikia. Nikampa anwani ya kanisa, kama tunavyofanya wengi wa huku tusio na sanduku letu posta.

Nikangoja. Jumapili ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Hapa kwetu, ibada ikiisha, Mzee Koros husimama mlangoni na barua mkononi. Yeye ni mzee wa kanisa, mkulima, mtu wa heshima sana. Huita majina, unaitika, na barua yako inapitishwa kwa mikono ya watu hadi ikufikie, kila mmoja akiisoma bahasha njiani. Yangu haikuitwa. Nikaanza kujiuliza: huyu mama amenikataa, au barua imepotea njiani? Unanijua, Baba. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikikusumbua pale stesheni nikitaka kujua behewa linajuaje kwamba linakwenda Taveta na si Mombasa. Ukubwa haujaniponya.

Basi nikaamua kufanya jaribio. Nikaandika barua tatu, zote za kwangu mwenyewe. Ndani ya kila moja niliandika maneno haya tu: "Wakesho, umechelewa wapi?" Nyuma ya bahasha nikagonga muhuri wangu wa biashara, ule niliochongewa pale sokoni, ambao naupenda kiasi kwamba nimeugonga hata kwenye kalenda. Moja nikaituma kwa anwani ya kanisa, moja kwa sanduku la duka la Mama Njeri hapa Munyaka, na moja kwa shule ya msingi anakofundisha jirani yangu, Mwalimu Jelagat. Zote nikazipeleka posta Jumatatu, kwa wakati mmoja. Karani wa kaunta alizitazama akauliza huyu Wakesho ni mkubwa wa wapi, anayeandikiwa kila mahali. Nikamwambia ni mteja wangu.

Ya duka ilifika ya kwanza, Alhamisi. Lakini Mama Njeri huweka barua za watu katika katoni ya biskuti kando ya mafuta ya taa, na kila anayekuja kununua sukari anapekua. Yangu ilinuka kama kibatari na ilikuwa imefunguka. Kabla sijaishika Mama Njeri ameshaniuliza ni kijana gani huyo anayelalamika kwamba nimechelewa. Jioni hiyo nusu ya Munyaka ilijua nina mchumba. Ukisikia uvumi huo, ujue mchumba mwenyewe ni mimi.

Ya shule niliipata Jumatatu iliyofuata. Iliwahi kufika, lakini ililala ofisini siku kadhaa kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa mkutanoni. Na Mwalimu Jelagat akanionya kwamba shule zikifungwa, ufunguo huo unaenda shambani kwa mwalimu mkuu hadi Januari. Yaani wakati ule hasa ambao mtu wa sweta anahitaji barua zake.

Ya kanisa haikuja. Jumapili ikapita, na nyingine. Lakini safari hii nilikuwa na kitu ambacho sikuwa nacho mwanzo, nacho ni uhakika. Barua hii niliitia mimi mwenyewe. Basi Jumapili iliyopita nikamfuata Mzee Koros na kumuuliza. Hakukana. Alitazama huku na huku, akanipeleka nyuma ya kanisa karibu na tangi la maji, akafungua Biblia yake. Katikati ya Zaburi palikuwa na barua mbili. Moja ni yangu. Ya pili ilikuwa na muhuri wa ile shule.

"Hizi ziko na muhuri," akasema. "Mama akiwa peke yake hapewi barua ya muhuri. Nilikuwa nangoja mwanaume wa kwenu akuje, asimame na wewe ukifungua."

Nikamwambia mwanaume wa kwetu yuko Taita, siku mbili kwa treni na basi.

"Najua. Nimemwandikia akuje."

Nilikasirika, Baba, sitakuficha. Wiki zote zile nilizokuwa nikilala na mawazo, barua yangu ilikuwa inapelekwa kanisani na kurudishwa kila Jumapili, kwapani mwa mtu. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, juu ya mdogo wake. Naye aliandikiwa barua ya muhuri, ya kumwita, miaka si mingi iliyopita. Akaifungua akiwa peke yake, akaenda alikoitwa peke yake, na aliporudi hakuwa yule aliyekwenda. Mzee hakusema aliitwa wapi nami sikuuliza. Kwa mara ya kwanza maishani swali lilinijia nikalimeza. Nikamshukuru kwa kunitunza, na shukrani ile ilikuwa ya kweli, ingawa hasira ilikuwa bado haijaisha.

Nikafungua pale pale, yeye akiwa amesimama kando yangu. Kamati ilikuwa imekubali. Nilitakiwa kupeleka sweta mbili za mfano kabla ya Ijumaa, na Ijumaa yenyewe ilikuwa imeshapita siku mbili.

Jumatatu kabla jua halijapanda nilikuwa getini pa shule na sweta mbili mfukoni. Mwalimu mkuu aliniangalia kana kwamba nimefufuka. Akasema alidhani sitaki kazi, na wasichana wa kidato cha tatu na cha nne ameshawapa fundi mwingine wa mjini. Nilimweleza yote, hata Zaburi. Hakucheka. Akasema kidato cha kwanza na cha pili bado hawana mtu, nichukue hao. Lakini akanipa sharti.

"Mimi siandikii biashara kupitia kwa Biblia ya mtu. Tafuta sanduku lako."

Nusu ya shule imepotea, Baba, na inaniuma. Nusu ninayo. Mashine haifungwi.

Jana nikaenda posta. Yule karani wangu wa kaunta, aketiye chini ya picha ya Mtukufu Rais, akasema masanduku yamejaa na watu wanangoja hata mwaka, ila kuna mfanyabiashara amehamia Kitale wiki hii na kurudisha ufunguo. Akaniambia ni lile la chini kabisa, itabidi niiname kila siku. Nikamwambia kazi yangu yenyewe ni kuinama. Nikajaza fomu, nikapewa ufunguo, nikapiga magoti sakafuni nikafungua mlango mdogo.

Baba, hakuna ukuta nyuma yake. Unaona hadi ndani. Niliona mifuko ya barua, mezani pamejaa, na viatu vya mtu anayetembea akigawa. Nikamsalimu. Akainama, tukatazamana kupitia kwenye sanduku langu kama watu wa dirishani, nami nikamuuliza barua ya kwenda Wundanyi hupitia wapi. Akasema Nakuru, kisha Nairobi, kisha treni ya usiku hadi Voi. Je, ni kweli? Na wanaoishusha Voi wanaijuaje gizani? Wewe ndiye wa kuniambia, maana yeye aliitwa kabla sijamaliza.

Mama mwambie macho apimwe, nitamfumia shali na nataka aione rangi yake. Nisalimie shangazi wa Mwatate, na kaka yangu aliye shuleni, mwambie sweta yake itakuja baada ya za wateja. Mzee Koros naye anakusalimu. Jumapili atahubiri juu ya uvumilivu, na nitaketi mbele.

Nilianza kwa kukuomba usipande treni. Nimeisoma barua hii tangu juu na naona nilikosea. Mtu wa kunipokelea barua simhitaji. Ufunguo ninao shingoni hivi ninavyoandika. Lakini barua yoyote ikija pale, nitaifungua nikiwa nimepiga magoti peke yangu, na hakuna nitakayemgeukia nimwambie, tazama. Kama umeshafunga mzigo, Baba, usiufungue. Njoo.

Mwanao,
Wakesho